Mpe Dogo Mausi

Juzi ndugu mmoja wa Morogoro kaniandikia. Ana laptopu moja, spika mbili na chumba cha uani, anataka kuwafundisha vijana wa mtaani kwake kutengeneza biti za hip hop. Aanzie wapi? Najua tuko wengi wenye ndoto hiyo, kwa hiyo namjibu hapa mbele ya wote.

Jibu langu ni fupi: mpe dogo mausi. Ila ili unielewe, inabidi nikurudishe nyuma.

Niliingia studio nikiwa na miaka 17, hapa Temeke. Miaka miwili nilifuata chipsi, nilinunua luku, nikakaa kwenye kochi nikitazama kisogo cha prodyuza. Kibodi sikuruhusiwa kugusa. Usiku akisinzia ndipo nilipata dakika ishirini za kuiba, na katika dakika hizo nikatengeneza mdundo wangu wa kwanza: besi nzito, kinanda cha noti nne, basi. Miezi michache baadaye nikausikia ndani ya daladala, nimening'inia mlangoni, msanii anachana juu yake. Ile sauti ya mwanzo inayomtaja prodyuza haikutaja jina langu. Nilishuka kituo kisicho changu nikatembea kwa miguu hadi nyumbani. Ni miaka 12 sasa, na wimbo ule ukipigwa mahali kifua bado kinanibana.

Mtu aliyepitia hayo angejua la kufanya akipata darasa lake. Mimi sikujua. Mwaka jana nilipofungua darasa la Jumamosi walikuja vijana 11, wa miaka 13 hadi 17, nami nikashika mausi mwenyewe. Nikaeleza ekolaiza ya kupunguza na kuongeza besi au sauti kali, nikaeleza kompresa ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, saa mbili nzima. Jumamosi ya tatu walibaki wanne.

Aliyenizindua ni binti wa kidato cha pili. Naongea, yeye anagonga meza kwa kalamu. Nilikaribia kumkemea, halafu nikasikiliza. Mguu wake ulikuwa unapiga kiki, ile ngoma nzito ya chini, kalamu inapiga snea, ile ngoma ya mlio mkali, na kiki ya katikati ilichelewa kidogo sana, kama mtu anayetembea akiburuza ndala. Nikanyamaza. Nikamsogezea kiti, nikampa mausi. Nikaweka FL Studio, programu yetu ya kutengenezea biti, kwenye mapigo 90 kwa dakika, nikamwonyesha ule mstari wa vibonyezo 16, nikamwambia jambo moja: snea weka cha 5 na cha 13, yaliyobaki ni yako. Kiki akaiweka cha 1, cha 8 na cha 11. Hazikupita dakika kumi, wenzake wote wanatikisa vichwa.

Kisha akageuka: "Mwalimu, mbona imenyooka hivi? Yangu ilikuwa inalegea."

Nikamwonyesha kitufe cha swingi, kile kinachochelewesha kidogo baadhi ya milio, akakizungusha taratibu mpaka akacheka. Swingi nilikuwa nimeihubiri Jumamosi iliyotangulia na hakuna aliyenielewa. Yeye aliielewa kwa sababu aliitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo mausi kwanza, maelezo baadaye. Na usidharau wanachokuja nacho. Dogo mwingine alitaka singeli tu, mapigo 200, nami nilikuwa namkatalia. Siku moja nikamwambia spidi aiache hapohapo, snea ipige mara moja tu katika kila mapigo manne, kwenye pigo la tatu. Sikio likaanza kuhesabu 100, na singeli yake ikakaa kama hip hop. Aliduwaa! Tangu hapo hesabu za tempo, yaani kasi ya mapigo, anawafundisha wenzake yeye.

Wakilalamika kwamba laptopu ni moja, ninawasimulia Bronx, mtaa wa New York ambako hip hop ilianzia, Agosti 11, 1973. DJ Kool Herc alikuwa na miaka 18, anapiga muziki kwenye sherehe ya dada yake, Cindy, aliyekuwa anatafuta hela ya nguo za shule. Mbinu yake ilikuwa kuchukua nakala mbili za sahani moja ya santuri na kurudiarudia kile kipande cha ngoma ambacho watu walikisubiri wacheze. Biti zetu zinatoka huko.

Jambo la kompyuta lililotutoa machozi: FL Studio ya majaribio haina mwisho wa muda, lakini kazi ukishaifunga haikubali kuifungua tena. Tulipoteza biti tatu hivyo. Siku hizi kabla ya kufunga tunatoa kila ala peke yake kama faili la sauti, kiki yake, snea yake, besi yake, na faili linaandikwa jina la mtoto aliyetengeneza. Jina la mtoto, si la studio.

Hapo prodyuza wenzangu naomba mnisikilize vizuri. Kijana anayekufuatia chipsi ana masikio. Ukimficha kibodi atajifunza kwa kuiba, na ukichukua mdundo wake umemwibia wewe. Usiseme unamlea. Mpe mausi, mpe na jina lake.

Jumamosi iliyopita msanii mmoja wa mtaani kwetu alirekodi kwenye biti ya yule binti. Kabla hatujafunga kazi nilimwambia aende kwenye maiki ataje jina lake mwanzoni mwa wimbo. Alirudia mara sita, anasikiliza, anatikisa kichwa, anarudia. Ya saba ndiyo akasema, "Hiyo."