Niache kazi nikasome MBA?

SWALI: Dada habari za kazi. Nina miaka 31, nina digrii ya kwanza na huu ni mwaka wangu wa 7 kazini, upande wa mauzo. Nimepata nafasi ya kusoma MBA (masters ya usimamizi wa biashara) ya kutwa, miaka 2, benki wako tayari kunikopesha ada yote na marejesho yataanza nikimaliza, ila kazi itabidi niache. Marafiki wanasema ukimaliza mshahara unapanda sana, mama anasema kazi usiache. Mimi mwenyewe usingizi sipati. Je inalipa? (Jina langu naomba lisitoke)

JIBU: Mdogo wangu, pole kwa kukosa usingizi, na una haki kabisa maana hizi ni hela nyingi na miaka ambayo hairudi. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaona kwenye gharama umetaja ada tu. Ada sio mzigo mkubwa hapo, mzigo mkubwa ni mshahara utakaouacha.

Chukua daftari tupige hesabu. Mshahara wako unaoingia mkononi tuuite 100 kwa mwezi. Miezi 24 bila kazi ni 2,400 ambazo hazijaingia. Ada yote tuseme 1,500, jumla 3,900 (chakula na kodi ya nyumba usiweke, hivyo ungelipa hata usiposoma, weka tu kitakachoongezeka). Haya, umemaliza, umepata kazi ya 140. Wengi hapa wanaandika faida ni 40 kwa mwezi na ndo wanapokosea, kwasababu ungebaki kazini hiyo miaka 2 mshahara ungepanda pia hata kidogo, tuseme 110. Kwa hiyo kilicholetwa na MBA ni 30 tu. Kwa mwaka ni 360, sasa gawanya 3,900 kwa 360 uone, ni karibu miaka 11! Ongeza na 2 ya darasani, utakuwa na miaka 44 ndo hela yako imerudi, na riba bado hatujaigusa.

Tuiguse basi. Mkopo wa 1,500 kwa riba ya 12% kwa mwaka, ile ya salio linalopungua (riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu), ukilipa kwa miaka 5 rejesho linakuja kama 33 kila mwezi, na hapo nimechukulia benki hawakuhesabu riba wakati unasoma. Iangalie hiyo namba. Nyongeza yako 30, rejesho 33. Yaani miaka 5 ya mwanzo, wewe mwenye MBA utabaki na 107 mkononi wakati ungebaki pale pale kazini ungekuwa na 110.

Sikutishi. Futa namba zangu weka zako, maana kama kazi unayoilenga inalipa 200 basi faida ni 90 kwa mwezi na 3,900 inarudi kwa miaka 3 na nusu hivi, hapo hata mimi ningeenda. Na ukisoma hiyo hiyo jioni huku mshahara unaingia, hata nyongeza ikiwa ile ile ya 30, cha kurudisha ni ada tu na inarudi kwa miaka 4 na kidogo. Muda wa kozi nao ni hela, shule ya biashara ya INSEAD kule Ufaransa MBA yao ni miezi 10 wakati shule nyingi za Marekani ni miaka 2, hiyo ni mishahara 14 ya tofauti.

Sasa kitu ambacho hujaniambia ni unataka kwenda wapi, na mimi naona hapo ndo jibu lilipo. Michael Spence, mchumi aliyepata Nobel mwaka 2001, alieleza tangu 1973 kwamba elimu inaweza kumfanyia kazi mtu kama ishara, inamwambia mwajiri asiyekujua kwamba huyu anaweza. Asiyekujua! Bosi wako amekuona miaka 7, anajua unavyouza, cheti hakimwambii jipya sana. Kwa hiyo kama unataka kupanda hapo hapo ulipo, nenda kamuulize yeye au watu wa rasilimali watu, ni cheo gani hapa hakitolewi bila masters na kinalipa ngapi. Kama hakipo, usiache kazi. Ila kama unataka kuhama kabisa kutoka mauzo uende fedha au ushauri wa biashara, kule hakuna anayekufahamu, na hapo MBA ya shule ambayo waajiri wa kule wanaiheshimu inaweza kukufungulia mlango ambao miaka 7 ya mauzo haikufungulii. Shule ambayo hawaijui itakutoza ada ile ile bila huo mlango.

Kabla hujasaini chochote benki tafuta watu watatu waliomaliza kozi hiyo miaka miwili mitatu iliyopita, uwatafute mwenyewe, sio wale wa kwenye tangazo la chuo. Waulize walikuwa wanapata ngapi, sasa ngapi, na ilichukua miezi mingapi kupata kazi maana hiyo miezi nayo inaingia kwenye ile 2,400. Alafu andikia chuo leo uulize kama unaweza kuhamia darasa la jioni au kusogeza nafasi yako mwaka mmoja. Ukipata majibu yao niandikie tena, uje na namba zako halisi tuzipige upya.