Batu batatu tu, na muziki inajaa saluni?

SWALI: Yaya, mi niko Bukavu, Kadutu. Mujomba wangu iko na disiki ya jazi ya Oscar Peterson, We Get Requests. Hakuna mwimbaji, ni piano, kontrebasi (ile besi kubwa ya nyuzi) na batri (ngoma) basi, lakini saluni yote ya nyumba inajaa. Banafanyaje?

JIBU: Mudogo yangu, mujomba wako iko na hazina! Ile walirekodi 1964, Peterson wa Canada kwenye piano, Ray Brown kontrebasi, Ed Thigpen batri, na nyimbo nyingi ni zile watu walikuwa wanazijua tayari, hata The Girl from Ipanema iko ndani. Siri ni kusikilizana. Weka wimbo You Look Good to Me, mwanzoni Ray Brown anavuta nyuzi na upinde polepole kama anasali, halafu anaweka upinde chini anadonoa na vidole, na besi inaanza kutembea kama mutu anashuka mulima wa Kadutu bila haraka, na Peterson, mwenye vidole vya mbio sana, hapo anajizuia, anaacha nafasi, mi napenda ile kuliko mbio zake zote. Thigpen anagusa tu. Mwombe mujomba airudie usiku, kuran (umeme) ikiwa iko, usikilize besi peke yake kwanza.