Roboti inajuaje kuna ukuta mbele?

Je, ni lazima iwe na kamera? Hapana, si lazima. Roboti nyingi ndogo hupima kwa sauti, kama popo. Kihisi, yaani kifaa chake cha kupimia, hutoa mlio wa hezi 40,000 hivi (mitetemo 40,000 kwa sekunde), ambao sikio la binadamu halisikii, kisha husubiri mwangwi. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 6, kitu kiko kama mita moja mbele. Kumbuka kugawa kwa mbili, maana sauti imekwenda na kurudi. Ukisahau hapo, roboti itadhani ukuta uko mbali maradufu na itaugonga.

Kipimo hicho huingia kwenye kompyuta ndogo iliyomo ndani, nayo hukilinganisha na kikomo ulichoweka, tuseme sentimita 20. Kikipungua hapo, mota moja huzungushwa kinyume na roboti hugeuka. Kisha inapima tena, mara kadhaa kila sekunde.

Nimeunda moja ya magurudumu mawili. Mbele ya ukuta ilisimama vizuri kabisa, ila pazia ililivamia moja kwa moja mpaka kitambaa kikajizungusha kwenye gurudumu. Kitambaa laini hunyonya sauti, na ukuta ulio mshazari huutupa mwangwi pembeni usirudi. Ndiyo maana nashauri uongeze swichi ya kugusa pale mbele, hata kama kihisi chako ni kizuri.