Pai ya nyama na viazi: acheni kuhangaika na unga, hangaikeni na nyama

Wengi mnaoniuliza kuhusu hii pai mnaanzia kwenye unga, unga unafanywaje, unasukumwaje, wakati kiukweli unga ni wa juu tu, mfuniko, hata usipopendeza watu watakula. Nyama ikiwa ngumu au rojo likiwa maji maji hapo hakuna pai.

Mi niko Bolton, kaskazini mwa Uingereza, na huku Lancashire yote hadi Wigan hiki ndo chakula chao haswa, enzi za machimbo ya makaa na viwanda vya pamba watu walikuwa wanaweka nyama kidogo viazi vingi familia ishibe. Wigan ndo wamezidi, mtu anachomeka pai nzima katikati ya mkate wa mviringo uliopakwa siagi anakula huku anatembea, majirani zao wanawaita wala pai na wenyewe wala hawajali.

Alonielekeza ni bibi mmoja jirani yangu, na neno lake la kwanza lilikuwa weka bizari zako pembeni. Chumvi na pilipili manga nyeupe basi, ila hiyo pilipili usiionee huruma. Nilibisha sana, mtu wa Tanga unaniambia nipike nyama bila hata tangawizi? Lakini alikuwa sahihi, ladha ya nyama na kitunguu inatosha kabisa.

Sasa nyama, usinunue steki, utapoteza hela. Chukua ya muundi, ile yenye mishipa mishipa ambayo watu wanaikwepa buchani, maana ile mishipa ikiiva taratibu inayeyuka na ndo inayolipa rojo uzito. Nusu kilo kata vipande vidogo, tia vitunguu viwili, maji yafunike, ikichemka punguza moto funika uiache kama masaa mawili. Viazi kilo moja, vile vya unga unga vinavyopasuka vikiiva (huku natumia Maris Piper), nusu vikate vidogo uvitie mapema vivurugike humo humo, nusu vikate vikubwa utie dakika 15 za mwisho. Huhitaji kuongeza unga wa kufanya rojo liwe zito. Utajua tayari ukiburuta mwiko chini ya sufuria ukaona njia inabaki wazi kidogo afu rojo linarudi polepole.

Mimina kwenye bakuli la oveni uache lipoe, na nikisema lipoe namaanisha lipoe kabisa, ukifunika likiwa la moto mafuta ya kwenye unga yanayeyuka kabla ya wakati na mfuniko unatoka mbichi kwa chini.

Mfuniko ni unga gramu 250 na siagi ya baridi gramu 125 (wazee wa huku walitumia mafuta ya nguruwe, sisi siagi inatufaa), chumvi kidogo, sugua kwa ncha za vidole mpaka iwe chenga chenga, maji baridi vijiko vitatu vinne, ukishashikana tu basi acha! Usiukande kama wa chapati, utakuwa mgumu. Weka kwenye friji nusu saa, sukuma, funika, bana pembeni, toboa katikati mvuke utoke, paka yai. Chini huweki unga, za dukani ndo zinazungushiwa kote. Oveni nyuzi 200, dakika 35 hadi 40, hadi juu iwe kahawia na uone rojo linatokota kwenye kile kitundu. Kama huna oveni, mkaa juu na chini kama unavyooka keki, ila wa juu uwe mwingi kuliko wa chini.

Wenyewe wanakula na kebichi nyekundu ya siki. Mi kachumbari yenye ndimu nyingi, maana pai nzito hii. Ikibaki usipashe kwenye maikrowevu, mfuniko unalegea unakuwa kama mkate uliolowa, irudishe kwenye oveni dakika 20, na kwa maoni yangu ya kesho yake ndo tamu zaidi.