Kamera ni moja, vibali ni viwili

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini uliruhusiwa kuingia uwanjani na kizibao cha mpiga picha, kisha mlinzi akakuzuia ulipoanza kurekodi video kwa kamera ile ile. Naelewa uchungu wako, lakini mlinzi hakukuonea. Kibali chako kilikuwa cha picha mnato, yaani picha zisizosogea, si video.

Mbio za Nyika za Dunia zilipokuja hapa Mombasa mwaka 2007, pale uwanja wa gofu, hakuna aliyegombana kwa jambo hili: kamera kama yako hazikuwa na video. Mwaka 2008 ikatoka kamera ya Nikon D90 iliyoweza kurekodi video, kisha Canon EOS 5D Mark II ikaleta video ya 1080p, yaani yenye picha kali zaidi. Tangu hapo, kwa kukutazama tu, hakuna ajuaye kama unapiga picha au unarekodi. Na pesa ziko kwenye video. Haki za matangazo huuzwa kwa bei kubwa, na aliyezinunua hataki bao lile lile lionekane bure kwenye ukurasa wako.

Kwa hivyo mwandikie mwandalizi mapema: utarekodi nini, dakika ngapi, utairusha wapi. Taka jibu la maandishi, tena ulibebe. Ahadi ya mdomo haimfikii mlinzi wa langoni. Mwandalizi akikataa, hadithi iko nje pia: mashabiki wakishuka ferini Likoni na jezi zao, ngoma, kocha akikubali kuhojiwa barabarani.

Mechi za mtaani ni rahisi zaidi. Hata hivyo zungumza na waandalizi, na wakicheza watoto, waombe wazazi kwanza.