Re: Mitungi ya zamani ya kupigia mbizi, bado inafaa?
Habari mkuu. Umeuliza kama hiyo mitungi miwili ya alumini uliyouziwa, iliyokaa stoo miaka kibao, bado inajazika. Anza na maandishi yaliyogongwa begani, utakuta mwezi na mwaka wa kila testi ya presha ya maji, Marekani ni kila miaka 5 na ndani inakaguliwa kila mwaka. Kama ilitengenezwa kabla ya 1990 ulizia aloi (aina ya mchanganyiko wa alumini, hutajwa kwa namba), 6351 ndo ile inapata nyufa shingoni taratibu hata ikikaa tu na presha, mimi huwa siigusi kabisa na wajazaji wengi wanaikataa. Ikiwa 6061 peleka ikapimwe. Rangi iliyokaushwa kwa joto la oveni pia itilie shaka, joto linadhoofisha alumini. Tafadhali usiijaze kwanza eti uone.