Unatunga fumbo la muziki kwa ajili ya msako wa timu? Soma hii kwanza

Mtu akiniambia anaandaa msako wa mafumbo, uwe wa ofisini, wa vijana wa kanisani au wa wale mliosoma wote, na anataka ndani yake liwepo fumbo moja la muziki, wazo analokuja nalo mara nyingi ni lile lile: napiga vipande kumi vya nyimbo, timu zitaje majina, yenye mengi inashinda. Sawa, watu watacheka na kucheza, ila hilo sio fumbo jamani, hiyo ni kwizi. Kuuliza Siti binti Saad alienda Bombay kurekodi mwaka gani (1928) ni mtihani, mwenye bando anaumaliza ndani ya sekunde tano na wenzake hata hawajajua swali lilikuwa nini. Fumbo linatakiwa likukute hujui kitu na bado likupe pa kuanzia.

Mimi ni mtu wa kwaya, naimba sauti ya tenor, na hii misako nimekuwa naiandaa hapa Dar kwa muda sasa, na kiukweli fumbo la muziki ndo lenye raha kuliko yote kulitunga na ndo gumu kuliko yote kulifanya liwe la haki. Kwenye timu ya watu watano unakuta mmoja anapiga kinanda, wanne waliobaki muziki kwao ni kusikiliza tu kwenye gari. Fumbo likimhitaji yule mmoja peke yake wale wanne wanaenda kununua maji, na wakishaenda kununua maji hawarudi na moto ule ule. Kwa hiyo kila ninachosema hapa chini kinazunguka kitu kimoja: huyo asiyejua muziki atafanya nini?

Kwa ambao hamjawahi kucheza, mmoja wa misako mikongwe kabisa ya aina hii ni ule wa chuo cha MIT kule Marekani, ulianza 1981, unafanyika kila Januari, timu zinatatua mafumbo mpaka zifikie sarafu iliyofichwa chuoni, na timu itakayoshinda zawadi yake ni kuandaa msako wa mwaka unaofuata (zawadi au adhabu, utajua mwenyewe). Kinachonifurahisha kwao ni kwamba fumbo kwa kawaida haliji na maelekezo. Unapewa kitu mkononi, hujui ukifanye nini, ila unajua jibu mwisho wa siku ni neno au msemo. Sasa ukiwa mtungaji wa muziki hapo swali lako la kwanza ni sauti itageukaje kuwa herufi.

Njia ambayo kila mtu anaikimbilia ni majina ya noti, A mpaka G. Na Kiswahili kinakubali kweli: BABA, DADA, BEGA, BEBA, DEBE, hata BAADA. Ukiwaazima Wajerumani, ambao ile B yetu wao wanaiita H na B kwao ni ile ya flati, unapata mpaka ACHA na CHACHE, na ndo njia hiyo hiyo mtunzi wao Bach aliipitia kuandika jina lake kwa noti nne, B-A-C-H. Kwenye karatasi tamu sana. Kwa sikio sasa, balaa, manake mtu wa kawaida hawezi kusikia noti moja akakwambia hiyo ni G wala sio A, na ukisema basi nitawapa imeandikwa kwenye ile mistari mitano, wanaoisoma huku kwetu ni wa kuhesabu. Umerudi kwa yule yule wa kinanda.

Ila sisi tuna kitu kingine kimekaa tu. Nenda mazoezi ya kwaya yoyote, chukua ile karatasi ya fotokopi iliyofotokopiwa mpaka imefifia, hukuti mistari mitano, unakuta d r m f s l t na nukta na koloni zake. Mfumo huo unaitwa sol-fa, aliuanzisha mwalimu mmoja Mwingereza, Sarah Glover wa Norwich, mchungaji John Curwen akauboresha na kuusambaza karne ya 19, wamisionari wakauleta, na mpaka leo mtu hajawahi kusoma muziki darasani lakini ukimpa karatasi ya sol-fa anakuimbia sauti yake bila kubabaika.

Haya sasa itamke polepole: do, re, mi, fa, so, la, ti. Kila moja ni silabi ya Kiswahili iliyokamilika! Zipange mbili mbili uone: lami, mila, miti, dola, doti, sofa, refa, lala, mimi, dodo. Yani wimbo wa noti mbili tu ni neno ambalo hata mtoto analijua. Tangu nilipoliona hilo sijawahi kurudi kwenye A mpaka G.

Hili hapa fumbo moja zima, lichukueni mkalitumie maana mimi nimeshalitumia, hapa kwetu halifai tena. Timu inapewa faili la sauti lenye vijiwimbo vinne, kila kimoja noti mbili: do-ti, la-mi, mi-la, so-fa. Yani DOTI, LAMI, MILA, SOFA. Ukiziandika hizo nne moja chini ya nyingine, chukua herufi ya kwanza ya neno la kwanza, ya pili ya neno la pili, ya tatu ya la tatu, ya nne ya la nne. D, A, L, A. Sasa faili lenyewe linajirudia, vijiwimbo vyote vinne vinapigwa upya kwa mpangilio ule ule kisha kimya. Timu inadhani umerudia ili wasikie vizuri, kumbe kurudia ndo sehemu ya jibu. DALADALA. Wanakimbia kituoni.

Lakini likiachwa hivyo lilivyo ni fumbo la mtu mmoja, na tena huyo mmoja naye anaweza kupotea. Piga noti mbili zinazolingana, tuu, tuu. Hiyo ni dodo? Ni mimi? Ni lala? Na kuna neno la nne hapo ambalo kama mko timu moja na mchungaji hutaki kulitamka wewe wa kwanza. Na hata zisizolingana bado shida ipo, kwa sababu ile hatua ya kushuka kutoka la kwenda mi ndo hiyo hiyo ya so kwenda re, ndo hiyo hiyo ya fa kwenda do. Sol-fa haikwambii noti iko wapi duniani, inakwambia iko umbali gani na do, sasa kama do haijulikani hakuna kitu.

Tatizo hili Walokele, wale wa kando ya mto Kongo karibu na Kisangani, walilimaliza kitambo. Ngoma yao ya gogo ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, zinazofuata toni za lugha yao, na kwa sauti mbili maneno chungu nzima yanagongana. Kwa hiyo hawakuwa wanapiga neno tupu. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi huko na kujifunza kuzipiga hizo ngoma, alieleza kwamba ukitaka kusema mwezi unapiga sentensi nzima, mwezi unaoitazama ardhi kutoka juu, na urefu huo ndo unaomtofautishia msikilizaji mwezi na kila kitu kingine chenye toni kama zake. Kwa mtungaji wa mafumbo hili ni dhahabu, kwa sababu wengi wetu tunaogopa kusaidia, tunaona tukisema jambo mara mbili fumbo litakuwa rahisi. Halitakuwa rahisi, litakuwa linasikika.

Kwa hiyo kwenye faili langu kabla ya kila kijiwimbo inapigwa do-mi-so-do, kama mwalimu wa kwaya anavyowapa sauti kabla hamjaanza. Halafu mwanzoni kabisa mwa faili mtu anaimba ngazi nzima kwa maneno, do re mi fa so la ti do, kupanda na kushuka. Msiruke hiyo. Sio kila mtu kapita kwaya, nina washkaji wamekulia madrasa, dufu na kasida wanakupa mpaka unasimama nywele, ila sol-fa hawajawahi kukutana nayo, na hiyo ngazi ya mwanzo inawafundisha ndani ya sekunde kumi kila wanachohitaji. Pia inafunga mjadala wa majina. Ukiwa na mtu wa Lubumbashi kwenye timu, yeye kasoma kwa Kifaransa, kwake hiyo ya tano ni sol na ya saba ni si, atakuandikia DOSI na SOLFA na hatakuwa amekosea. Akisikia umeimba so na ti anajua leo tunaenda kwa huku.

Halafu karatasi. Pamoja na faili nawapa mistari minne iliyovurugwa mpangilio: "Mgeni anakaribishwa hapa kwanza." "Kanga huuzwa hivi." "Wazee wanailinda." "Barabara ya vumbi inaililia kila mwaka wa uchaguzi." Hapo ndo wale wanne wanapopata kazi. Hawahitaji sikio, wanahitaji kichwa tu, watapata sofa, doti, mila na lami bila kugusa spika. Ila mpangilio hawana, na bila mpangilio ile DALA haitoki, mpangilio uko kwenye sauti. Mwenye sikio naye akisikia noti mbili za kutiliwa shaka anageuka anauliza nyie mmepata maneno gani, wanamtajia, anasema ehee, hiyo ya pili inashuka, ni lami, ya tatu inapanda, ni mila. Hiyo dakika ambayo pande mbili za meza zinahitajiana ndo ninayoitafuta mimi nikitunga, mengine yote ni mapambo. (Kuna watakaojaribu kupanga maneno manne kwa njia zote, ziko 24, wala usihangaike kuwazuia. Wakikaa kuhesabu, timu nyingine imeshafika kituoni.)

Upande wa kurekodi. Do-ti iimbwe kuanzia do ya juu unashuka kidogo kwenda ti, usianze do ya chini ukaruka mpaka ti, hiyo hatua hata mimi inanitoa jasho na msikilizaji atasikia kitu kingine kabisa. Rekodi kwa sauti ya mtu au filimbi, noti moja moja, ndefu, bila midundo nyuma. Simu inatosha, na ukitaka kukata na kupanga, programu ya Audacity ni ya bure. Faili ukilituma WhatsApp litume kama dokumenti. Na jaribu kulisikiliza mahali penyewe, sio chumbani kwako usiku, manake ufukweni upepo unakula kila kitu na karibu na barabara kuu bodaboda zinamaliza kilichobaki. Kila timu iwe na spika ndogo au earphone za kupokezana.

Kama bado moyo wako uko kwenye nyimbo halisi, tumia, ila chukulia kwamba Shazam, ile programu ya simu inayotambua nyimbo, imealikwa. Rekodi nyingi zilizotoka zinakamatwa, na tangu 2020 Google nayo inakubali hata ukiuvumia wimbo kwa mdomo. Kwa hiyo usitunge fumbo ambalo ugumu wake wote ni kujua jina la wimbo. Fanya jina liwe hatua ya kwanza nyepesi, ugumu uje baadaye. Na changanya rika, kwa sababu anayetambua bendi za Msondo na Sikinde ndani ya sekunde mbili anaweza asijue singeli inaanzia wapi inaishia wapi, na kijana wake kinyume chake. Ukiegemea upande mmoja umechagua mshindi kabla ya kuanza.

Kitu kingine ambacho watu wanakisahau: asiyesikia vizuri. Curwen aliacha ishara za mkono kwa kila noti, na kwa zinavyotumika siku hizi do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala chini, so kiganja kinakutazama wewe, fa kidole gumba chini, la mkono umeninginia, ti kidole kinaelekeza juu. Nikapiga picha za mikono minane nikazipanga kwa mpangilio wa vijiwimbo, pembeni nikaweka ngazi nzima na majina yake, fumbo ni lile lile na halina sauti hata kidogo. Wapo waliotaka kubaki na hizo picha hata baada ya kusikia sauti, wanasema zinaeleweka zaidi, na sibishi.

Kulijaribu lijaribu kwa watu ambao hawajakusikia ukilizungumzia hata mara moja, ukae pembeni mdomo umefunga. Usiwaangalie wakipata, waangalie wakikwama. Wakikwama kwenye "tuandike nini", ngazi yako ya mwanzo haisikiki. Wakipata maneno manne wakabaki wanayatazama, basi ile hatua ya kuchukua herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne haijidokezi, mimi niliweka namba 1 2 3 4 pembeni ya visanduku vya kujazia na ikatosha. Wakifika DALA wakaitangaza kama ndo jibu, wape hinti moja tu: mmelisikiliza faili mpaka mwisho? Hinti ziandike zote kabla ya siku yenyewe, tatu kwa kila fumbo, kwa sababu siku yenyewe utakuwa unapigiwa simu na timu nne kwa wakati mmoja na utajikuta unataja jibu ili wakuache upumue.

Na bahasha ya kituo kinachofuata muachie mama wa matunda pale kituoni, mlipe chochote, atakaa nayo mpaka jioni. Konda usimpe. Gari likijaa linaondoka, na fumbo lako la tano linafika Mbagala kabla ya timu yoyote.